Mkate wa Mfalme Aliyekufa

Mdomo ndio uliovunjwa, na mdomo peke yake. Abbagina, mkaguzi wa mahakama, aliizunguka sanamu mara mbili akitafuta jeraha jingine asilione. Macho ya kombe za baharini yalikuwa mahali pake, pua ilikuwa nzima, mikono imefumbatana kifuani kama siku zote. Mtu aliyeingia humu alikuwa na nyundo na faragha ya kutosha kumpasua marehemu mfalme vipande vipande. Badala yake alipiga mapigo mawili chini ya pua, akaenda zake.

"Sasa hawezi kula," Hunzulu alisema nyuma yake. "Mfalme aliyeijenga Sumeri, babu yake mfalme wetu, amezibwa kinywa na mpika mikate. Umeona ushenzi huo?"

"Nimeona jiwe lililovunjika, mheshimiwa. Mpika mikate bado sijamwona."

Hunzulu alikuwa kuhani wa madhabahu ya mfalme aliye hai, upande wa pili wa ua huo huo, na wivu wake ulijulikana mji mzima. Wafalme wa nchi hii waliwekewa chakula mbele ya sanamu zao, wawe hai au wamekufa. Lakini tangu miji ya kaskazini igome kuleta shayiri, na majeshi ya maadui Waelamu yapige kambi ng'ambo ya mto, watu walikuwa wakipeleka vipande vyao vya mwisho vya mkate kwa babu. Kwa mjukuu hawakupeleka hata ganda la kitunguu. Kila asubuhi upande mmoja wa ua palikuwa na foleni, na upande wa pili palikuwa na Hunzulu na ufagio wake.

"Nisimulie tena," Abbagina alisema. "Polepole, mimi si kijana."

"Kuna nini cha kusimulia? Jana jua lilipozama Gemelama, huyo mpika mikate, alifunga mlango huu. Akakaza kamba kutoka mlangoni hadi kwenye kigingi cha ukutani, akaifunika kwa donge la udongo, akaviringisha muhuri wake juu ya donge. Asubuhi nimekuja na mashahidi wawili. Donge zima, muhuri wake juu yake. Tumelivunja, tumeingia, tumekuta hivi. Dirisha hakuna. Nani mwingine angeingia, kisha aufunge tena mlango kwa muhuri wa Gemelama? Hata mbuzi angekujibu."

"Mbuzi angeuliza kwanza ulifuata nini kwenye mlango usio wako, tena na mashahidi wawili."

Hunzulu alikunja uso. Alitazama ua, akatazama miguu yake.

"Mimi huja hapa kila asubuhi," alisema hatimaye. "Kuhesabu foleni. Hao wawili walikuwa wa kwanza kufika, nikawachukua. Umeridhika?"

"Leo walikuwa wangapi?"

"Mia moja na kumi." Aliitamka idadi hiyo kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Adhuhuri Gemelama angetupwa mtoni. Ndiyo sheria, mtu anapokana kosa na ushahidi ukamkaba: Mto wenyewe huamua, na asiye na hatia huelea. Mwezi huu mto Frati ulikuwa umefurika hadi kwenye mizizi ya mitende, na Gemelama alikuwa bibi wa miaka sitini na mitano asiyejua kuogelea. Kilichobaki kati yake na maji ni neno la Abbagina, kwa kuwa hakuna anayetupwa mtoni kabla mkaguzi wa mahakama hajaandika kwenye udongo kwamba kesi haina shaka. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta wa mji.

Alikusanya vipande vya lile donge lililovunjwa asubuhi, akavifunga kwenye kitambaa.

"Na kamba yenyewe iko wapi?" aliuliza.

"Kamba gani?"

"Iliyokuwa chini ya udongo."

"Nimeifagia pamoja na takataka nyingine. Imekwenda motoni." Hunzulu aliinua ufagio wake kidogo, kana kwamba ndio wa kulaumiwa. "Ilikuwa kamba tu!"

Abbagina alikaza fundo la kitambaa chake, akatoka.

*

Walikuwa wamemfungia Gemelama katika jiko lake mwenyewe nyuma ya hekalu, na askari mmoja amekaa mlangoni akisinzia. Bibi hakuwa analia. Alikuwa anakoroga chungu kikubwa kwa mwiko mrefu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unatoa kokwa za tende na kuziangusha tende humo moja moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea, unanizibia mwanga."

"Unawapikia askari?"

"Askari wana mikono yao. Hiki ni cha mgonjwa."

Abbagina hakuuliza mgonjwa gani. Hakuwa na muda wa wagonjwa.

"Naomba nione muhuri wako."

Gemelama alivuta uzi shingoni, akamkabidhi kijiwe cha mviringo, cha buluu, kisichozidi urefu wa kiungo cha kidole. Abbagina alikipokea kwa hisia asiyoipenda. Mihuri ya namna hii ilitolewa na mfalme kwa mkono wake mwenyewe. Ilichongwa picha ya mfalme ameketi na kikombe mkononi, mtumishi amesimama mbele yake, na pembeni maandishi kwamba mfalme amempa mtumishi wake zawadi hii. Tangu hazina iishe, mfalme alikuwa hana zawadi nyingine, na aligawa mihuri kwa watunza bustani, kwa waimbaji, kwa kinyozi. Abbagina alikuwa ameitumikia mahakama miaka ishirini na mmoja bila kupewa. Mpaka leo alitia sahihi kama wanavyotia maskini, kwa kugandamiza pindo la vazi lake kwenye udongo. Mpika mikate anao, mimi sina, aliwaza, na ikamuuma vibaya.

"Alikupa lini?"

"Alipotawazwa. Mimi ndiye niliyempikia utotoni. Mtundu yule! Mkate usio na tende alikuwa hagusi, anaurusha kwa bata. Alipokuwa mfalme akanipa muhuri, akanileta huku kwa babu yake nipumzike." Alicheka kidogo. "Nimepumzika mpaka natupwa mtoni."

"Bado hujatupwa."

"Basi fanya haraka, mwanangu."

Abbagina alichukua kinyunya cha udongo mbichi, akauviringisha muhuri juu yake. Picha ilitoka safi: kiti, mfalme, mtumishi. Aliinamia.

"Kikombe kiko wapi?"

"Kilibanduka. Niliuangusha kwenye jiwe la tanuri mwezi uliopita. Tangu siku hiyo mfalme wangu ameketi mkono mtupu. Na siku hizi kikombe chenyewe kingekuwa na nini ndani?"

Abbagina hakucheka. Alikuwa anafungua kitambaa chake na kuunganisha vipande vya donge kwenye meza ya unga, kimoja kando ya kingine, hadi picha ilipokamilika. Mfalme alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Mkononi alikuwa na kikombe, kizima, hadi ukingo wake.

"Mama, jana jioni ulitumia muhuri huu huu?"

"Nina mwingine wapi?"

"Na mlango unaufunga kwa kamba gani?"

"Ya ukindu. Bunda zima lile pale ukutani. Kwani vipi?"

Abbagina alipindua vipande. Watu husoma uso wa donge. Yeye alizoea kusoma mgongo, maana udongo mbichi hushika alama ya chochote kilichokuwa chini yake. Upande mmoja wa mgongo palikuwa na alama ya kigingi, pamoja na ufa ule ule aliouona asubuhi kwenye kigingi cha ukutani. Basi donge lilitoka kweli kwenye mlango ule. Upande wa pili palikuwa na alama ya kamba, lakini si ya ukindu. Zilikuwa nyuzi laini zilizosokotwa, zenye mafundo madogo, matatu kwa mstari, kisha mkia.

Matamvua. Mtu alikata kamba ya Gemelama, akaingia, akapiga, akatoka. Nje akajikuta hana kamba ya kufungia, akakata matamvua ya pindo la vazi lake mwenyewe. Mtu mwenye muhuri shingoni asingeyatambua. Abbagina, aliyegandamiza pindo lake kwenye udongo miaka yote hiyo, aliyatambua mara moja.

"Kula kitu kabla hujaondoka," Gemelama alisema. "Umepauka."

*

Hunzulu alikuwa bado uani, na foleni ilikuwa imetawanyika. Abbagina alimnyooshea kibao cha udongo mbichi.

"Ushahidi wako, mheshimiwa. Gandamiza pindo lako hapa."

"Nina muhuri mimi."

"Najua. Kila mtu ana muhuri. Gandamiza."

Hunzulu aliinama akinung'unika, akashindilia pindo kwa kidole gumba. Abbagina aliweka kibao kando ya kipande cha donge. Sufu nene, mafundo mawili, mkia mfupi. Alitazama tena, akigeuza huku na huku, akitumaini.

"Unanishuku mimi?" Sauti ya Hunzulu ilipanda. "Mimi?"

"Nilikushuku. Una wivu, ulifika wa kwanza, ukachoma kamba. Pole, si wewe."

"Kwa nini unaniambia pole?"

"Pole ni yangu. Ningefurahi sana kama ungekuwa wewe."

Kilichobaki ni muhuri wenye kikombe. Abbagina alivuka ua, akapita jiko la ikulu lililokuwa na moto mmoja tu, hadi kwenye kibanda cha Urnigar, mchonga mihuri. Mzee huyo alikuwa ameinamia kazi, na pua yake ilikaribia kugusa jiwe. Abbagina aliweka alama zote mbili mbele yake, yenye kikombe na isiyo nacho.

"Kazi ya nani hii?"

"Yangu."

"Ipi kati ya hizo mbili?"

"Zote mbili. Huoni kiti? Hakuna mwingine anayejua kuchonga miguu ya kiti." Urnigar aliinua kichwa. "Mihuri ya zawadi huchongwa pacha. Mmoja anapewa mtumishi, wa pili unabaki. Siku mtumishi akidai wake umeibwa, pacha huletwa wa kulinganisha."

"Unabaki wapi?"

Mzee aliacha kuchonga.

"Una watoto, mkaguzi?"

"Watatu."

"Basi usiniulize."

"Bibi Gemelama anatupwa mtoni adhuhuri, mzee wangu."

Urnigar alipuliza vumbi la jiwe mezani, kwa uangalifu mkubwa, ingawa vumbi lenyewe lilikuwa kidogo.

"Aliniletea mkate nilipofiwa," alisema. "Kuna kisanduku. Kiko chumbani anakolala. Hakifunguliwi na mwingine ila yeye."

"Yeye nani?"

"Sasa unanitania," Urnigar alisema, akarudi kwenye jiwe lake.

*

Mfalme alimpokea juu ya paa la ikulu. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na asubuhi hiyo alikuwa mchangamfu kuliko Abbagina alivyowahi kumwona. Hakuna aliyejua kwamba baada yake hakutakuja mwingine. Lakini tayari watu wa mjini waliposema "mfalme" walimaanisha babu, na walipotaka kumtaja huyu walisema "huyu tuliye naye". Alikuwa amevaa vazi jeupe refu. Matamvua ya pindo lake yalikuwa ya kitani laini, yenye mafundo matatu kwa mstari. Karibu na goti la kushoto palikuwa na pengo la upana wa vidole viwili.

Abbagina alihesabu mafundo mara ya pili.

"Umemaliza?" mfalme aliuliza. "Hunzulu anasema kesi yenyewe ni nyepesi."

"Nimebakiza kitu kimoja, mfalme wangu."

Aliweka donge mezani, mgongo ukiwa juu. Mfalme aliliangalia. Mkono wake ulishuka polepole hadi kwenye goti la kushoto, ukalifunika lile pengo. Abbagina aligeuka akatazama mto ili asiwe ameona.

"Udongo una maneno mengi siku hizi," mfalme alisema.

"Hauna neno, mfalme wangu. Hushika tu."

Kutoka ng'ambo ya mto alisikika mbwa wa Waelamu akibweka.

"Nimewafungulia ghala mpaka panya wakahama," mfalme alisema. "Nimelala ukutani pamoja nao, nimekula samaki wa chumvi kama wao. Wanaamka asubuhi, wanachukua kipande kilichobaki nyumbani, wanapita mbele ya mlango wangu, wanakwenda kulisha jiwe! Babu hakuijua njaa. Alikufa ameshiba, akazikwa ameshiba, na bado anakula. Na yule bibi, mikono ile ile iliyonikandia mimi unga..." Alitazama uani. "Nilitaka siku moja tu babu asile."

Abbagina alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Kwa ajili ya siku moja hiyo bibi wa watu alikuwa anangoja kuzamishwa.

"Na Gemelama, mfalme wangu?"

"Mto haumzamishi asiye na hatia. Ungemrudisha salama." Alisema hivyo kwa utulivu, na Abbagina aliona kwamba anaamini kabisa.

"Mto umefurika, mfalme wangu. Kwa kelele zile huenda usimsikie."

Abbagina alitoa kibao alichokiandika chini ngazini, chembamba mno, amekibonyeza hadi kikawa kama kipande cha ngozi. Kilisema hivi: mwenye nyumba alifungua mlango wa nyumba yake, hakuna kosa, wala mkosaji, Gemelama arudi jikoni kwake. Mfalme alikisoma mara mbili. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akautoa muhuri wake, wenye picha ile ile ya mfalme na kikombe, akauviringisha.

Lakini udongo ulikuwa mbichi bado. Kidole gumba kimoja kingetosha kuyafuta yote, na Abbagina alikuwa ameshaona vibao vikifutwa kabla mwombaji hajafika ngazini. Kwa hiyo hakuondoka. Alikiweka juu ya ukuta wa paa, juani, akaanza kuzungumza. Alieleza habari za mfereji uliozibwa na matope. Alieleza ugomvi wa ndugu wawili juu ya punda. Alisimulia hata habari za goti lake, dawa zote alizotumia, moja baada ya nyingine. Upepo ulikuwa mkavu na wa moto, na hakuwahi kuushukuru upepo huo kabla ya siku ile.

Mfalme hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesogea ukingoni, ameegemea ukuta, macho uani.

"Watarudi sasa hivi na mikate yao," alisema. "Ngoja uone. Hana kinywa. Hawana pa kwenda ila kwangu."

Na kweli walikuwa wanarudi. Waliingia kwa lango la kusini, wanawake kwa wanaume, wengi kuliko asubuhi. Wengine waliingia jikoni kwa Gemelama mikono mitupu na kutoka na mabakuli, wakitembea kwa uangalifu ili yasimwagike. Hunzulu aliacha kufagia. Walimpita. Walivuka ua na kujipanga mbele ya mlango wa babu.

"Mbona wanakwenda kule?" mfalme alisema. "Wamebeba nini?"

Ndipo Abbagina alipokikumbuka kile chungu, na mgonjwa ambaye hakumuulizia.

"Uji, mfalme wangu."

"Uji?"

"Mtu asiyeweza kutafuna hupewa uji." Kutoka pale juu, kupitia mlango uliokuwa wazi, waliweza kumwona mwanamke wa kwanza akipanda kwenye kiti kidogo mbele ya sanamu, ameshika mrija wa tete wa kunywea pombe, akiuelekeza chini ya pua iliyobaki. "Wanamnywesha."

Mfalme aliinama zaidi ukingoni. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyenyimwa mbele ya wenzake.

"Nipe kile kibao," alisema bila kugeuka.

Abbagina alikichukua juu ya ukuta, akakitia mkononi mwake. Mfalme aliweka kidole gumba juu ya picha ya muhuri, akabonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu hadi ukucha ukawa mweupe. Udongo ulikuwa umekauka. Mfalme mdogo wa kwenye picha alibaki ameketi kwenye kiti chake, kikombe mkononi.

Alikirudisha. Abbagina aliinama, akakibana kifuani, akaelekea ngazini haraka kadiri goti lilivyomruhusu. Ngoma ya adhuhuri ilikuwa bado haijalia.

"Abbagina."

Alisimama.

"Nani kaupika huo uji?"

"Gemelama, mfalme wangu. Amekuwa akiukoroga tangu asubuhi, chini ya ulinzi."

"Ametia nini?"

"Shayiri," Abbagina alisema. Alisita kidogo. "Na tende."

Mfalme aligeukia ua tena, ambako foleni ilikuwa imefika hadi langoni.

"Babu hakula tende maisha yake yote," alisema. "Mpenda tende ni mimi."